Maabara na Watoto Wetu: Ajali Zilizopita Zatufunza Nini?



Mwezi uliopita, baada ya darasa la watoto la Jumamosi, mama mmoja wa jumuiya yetu alitufuata tulipokuwa tukikunja mikeka, akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale kwa namna ilivyostahili. Binti yake amepata nafasi ya kusoma kemia katika chuo kikuu hapa Uingereza, na nyumba nzima imefurahi. Lakini shangazi wa binti huyo alikuwa amepiga simu kutoka ng'ambo na kumsimulia habari ya msichana mmoja aliyeungua hadi kufa akiwa kazini katika maabara ya chuo kikuu cha Marekani. "Mwalimu," alisema yule mama, "wewe umeyafundisha mambo haya miaka mingi. Niambie kweli, nimwache mwanangu aende?"

Tulimjibu kwa maneno ya kumtuliza moyo, kama ilivyo ada ya walimu waliochoka mwisho wa siku. Hata hivyo, usiku ule usingizi ulituruka. Habari aliyoisikia haikuwa ya uzushi. Isitoshe, sisi wenyewe tunayo yetu mintarafu ya maabara, na hatujapata kuyaandika mahali popote kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini. Makala haya, basi, ndiyo jibu tulilopaswa kumpa.

Tuanze na huyo msichana. Jina lake lilikuwa Sheharbano Sangji, na wenzake wakimwita Sheri. Alizaliwa Pakistan, akapata shahada yake ya kwanza katika chuo cha Pomona huko California mwaka 2008, na nia yake ilikuwa kuendelea na masomo ya sheria. Wakati akisubiri, alichukua kazi ya usaidizi wa utafiti katika maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Hakuwa ametimiza miezi mitatu kazini. Tarehe 29 Desemba 2008, chuo kikiwa katika mapumziko ya mwisho wa mwaka, alikuwa akihamisha kimiminika kiitwacho tetibutili-lithiamu kwa bomba la sindano la plastiki. Kimiminika hiki kina tabia moja ya kutisha, nayo ni kwamba kikigusa hewa tu huwaka chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Kipande cha ndani cha bomba, kile kinachovutwa na kusukumwa, kilichomoka. Kimiminika kikamwagika, moto ukalipuka, na pembeni palikuwa na chupa ya kiyeyushi aina ya hekseni iliyopinduka, nayo ikashika moto.

Mikononi alivaa glavu. Mwilini hakuvaa koti la maabara. Alikuwa na sweta ya nyuzi za viwandani, za jamii ya polista, ambazo moto ukizigusa haziungui zikawa majivu kama pamba, bali huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mwenzake aliyekuwa karibu alijaribu kuuzima moto kwa koti. Bafu la dharura, lile lililowekwa kwa ajili ya saa kama hiyo, lilikuwa katika chumba hichohicho, wala halikutumiwa. Sheri Sangji alifariki hospitalini tarehe 16 Januari 2009, siku kumi na nane baada ya ajali, akiwa na umri wa miaka 23.

Yaliyofuata yana funzo kubwa kuliko moto wenyewe. Wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo la California walikitoza chuo faini ya dola 31,875, wakitaja kwamba mavazi ya kinga hayakusimamiwa na kwamba hapakuwa na kumbukumbu za kuonyesha kuwa msichana yule alifunzwa kazi ile ya hatari. Ikabainika pia kwamba mnamo Oktoba 2008, takribani miezi miwili kabla ya ajali, wakaguzi wa chuo chenyewe walikuwa wamepita katika maabara ileile na kuandika kasoro kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba watu hawavai makoti. Karatasi iliandikwa, lakini hali haikurekebishwa. Mwaka 2011 waendesha mashtaka walikishtaki chuo pamoja na profesa aliyeiongoza maabara hiyo kwa makosa ya jinai, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo katika vyuo vya Marekani. Kesi hizo ziliishia katika maafikiano mwaka 2012 na 2014. Miongoni mwa masharti yaliyokubaliwa, chuo kilitoa dola 500,000 kuanzisha ufadhili wa masomo ya sheria kwa jina la marehemu.

Hapa tunaomba ruhusa ya wasomaji tuseme neno kuhusu mavazi, kwa maana linatuhusu sisi kuliko wengi. Mabinti zetu huingia maabara wakiwa wamejistiri, na hilo si tatizo hata chembe. Tatizo ni kitambaa. Mitandio mingi inayouzwa madukani siku hizi, na mabaibui karibu yote, ni ya polista au nailoni, kwa sababu ni mepesi, hayakunjiki, na bei yake ni nafuu. Mbele ya moto wa maabara nguo hizo ni hasara tupu. Binti anayesoma kemia apewe mitandio ya pamba, miwili au mitatu, isiyo mirefu, na ncha zake zichomekwe ndani ya koti la maabara zisining'inie juu ya meza. Mikono mipana ya baibui huvuta chupa na kuziangusha, kwa hiyo ndani ya koti ni bora avae nguo ya mikono iliyobana kiasi. Koti lenyewe liwe la pamba na lifungwe vifungo vyote, na ikiwa kazi ni ya vitu vinavyowaka vyenyewe, achukue lile maalumu lisiloshika moto ambalo idara hutakiwa kuwa nalo. Tumewahi kuona binti akiinama juu ya taa ya Bunsen, mtandio wake umebaki kidole kimoja kuufikia moto, na mwalimu wake, kwa adabu iliyozidi kiasi, anaona haya kumwambia. Basi wazazi tuwaambie mapema.

Kisa cha pili ni cha aina nyingine kabisa, kwa sababu mhusika wake hakuwa mwanagenzi. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, mtu aliyeheshimika duniani kwa utafiti wake juu ya madini yenye sumu na jinsi yanavyodhuru chembe hai za mwili. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa akishughulika na dimethili-zebaki, kiowevu kisicho na rangi kinachotokana na zebaki. Alifanya kila lililohesabiwa kuwa sahihi wakati ule. Alivaa miwani ya kinga na glavu za mpira, akafanya kazi ndani ya lile kabati lenye feni ya kufyonza mvuke. Tone moja, au pengine mawili, likadondoka juu ya glavu yake. Alisafisha, akavua glavu, akanawa, akaendelea na shughuli zake.

Miezi kadhaa ilipita bila tukio. Kisha akaanza kukonda. Mwezi wa Januari 1997 akawa anapepesuka akitembea, maneno yakawa mazito kinywani, macho na masikio yakaanza kumwacha. Vipimo vya hospitali vilionyesha kwamba zebaki katika damu yake ilizidi kiwango cha hatari mara themanini hivi. Hapo ndipo alipolikumbuka lile tone la Agosti. Haukupita muda akapoteza fahamu, na tarehe 8 Juni 1997 akafariki, akiwa na umri wa miaka 48.

Baadaye glavu za aina ile zilipopimwa, ilionekana kwamba dimethili-zebaki hupenya mpira ule kwa sekunde 15 au chini ya hapo. Yaani glavu ilikuwa pazia tu. Mwezi Mei 1997, mgonjwa akiwa bado kitandani, wenzake wa Dartmouth waliandika barua katika gazeti la wanakemia wa Marekani kuwaonya watafiti wote, wakawaeleza kwamba kinga inayofaa ni glavu za tabaka za plastiki maalumu zikivaliwa chini ya glavu nyingine nzito na ndefu. Mwaka 1998 madaktari wakakichapisha kisa chake chote katika jarida la tiba. Kutokana na maonyo hayo, maabara nyingi ziliacha kabisa kukitumia kiowevu kile na kutafuta badala yake.

Lakini hebu turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1860, huko London, katika hospitali ya St Bartholomew's, wasaidizi wawili wa maabara walikufa kwa sumu ya dimethili-zebaki hiihii, kitu kilichokuwa kimegunduliwa muda mfupi tu kabla ya hapo. Habari yao ilijulikana na kuandikwa. Basi kati ya vifo vile na kifo cha profesa wa Dartmouth ipo zaidi ya miaka 130, na katika muda huo wote ulimwengu wa kemia ulijua kwamba sumu hii inaua, ila hakuna aliyekuwa amepima kwa saa mkononi ni muda gani inachukua kupenya glavu inayovaliwa kila siku. Kujua kwamba kitu ni hatari ni elimu. Kujua hatari yenyewe huingia kwa mlango gani ni elimu nyingine, na mara nyingi hii ya pili ndiyo hukosekana.

Tuseme sasa yale ya kwetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, tukiwa walimu vijana wenye shahada mbichi mkononi, tulipangiwa shule moja ya bweni huko nyumbani. Maabara yake ilikuwa na madirisha makubwa, meza za mninga, na upungufu wa kila kitu kingine. Katika zoezi la kupima tindikali kwa magadi makali, mwanafunzi hutakiwa kufyonza kiasi maalumu cha kimiminika kwa mrija wa kioo uitwao pipeti. Vipo vifaa vidogo vya mpira vya kufyonzea, lakini sisi tulikuwa navyo vitatu kwa wanafunzi arobaini, na kimoja kilikuwa kimepasuka. Kwa hiyo wanafunzi wetu walifyonza kwa mdomo, kama tulivyofyonza sisi tulipokuwa wanafunzi, na kama walivyofyonza walimu wetu kabla yetu. Siku moja kijana mmoja mwenye bidii aliinua ncha ya mrija juu ya kimiminika bila kujua, hewa ikaingia, na mvuto uliofuata ukampelekea magadi makali kinywani. Tulimsukutua kwa maji mengi na kumkimbiza zahanati. Kwa wiki mbili hakuweza kula ugali, akawa mtu wa uji na maziwa. Alipona, na mpaka leo tukikutana hututania kwa jambo hilo.

Tulikwenda kwa mkuu wa shule. Alikuwa mtu mwema, naye alitushauri tusilikuze jambo, kwani mtihani wa taifa ulikuwa karibu na wazazi wangeingiwa na hofu. Tulikubali. Hatukuandika kitu chochote katika daftari la maabara, wala hatukuandika barua ya kuomba vile vifaa vya mpira, kwa kuwa tungelazimika kueleza sababu. Mwaka uliofuata tukahamishwa. Miaka miwili baadaye mwalimu aliyetupokea alitusimulia, bila kujua kwamba anatuchoma kisu, kwamba katika chumba kilekile, kwa zoezi lilelile, msichana wa kidato cha tatu alifyonza magadi na kuyameza. Aliokolewa, lakini koo lake halikurudi kuwa kama zamani. Mwalimu yule alitwambia, "Sikujua kama jambo hili linaweza kutokea." Angejuaje? Sisi ndio tuliojua, na tulinyamaza.

Hatulisemi hili ili tuonewe huruma. Tunalisema kwa sababu, tunaposoma ripoti za ajali za maabara kubwa za dunia, zenye mamilioni ya dola na vifaa vya kila namna, tunakuta ugonjwa uleule uliokuwa katika chumba chetu cha vioo vitatu. Mwezi Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, mwanafunzi wa shahada ya juu alikuwa akisaga kwenye kinu kidogo mchanganyiko wa nikeli na haidrazini wenye tabia ya kulipuka. Kwa maneno ya mdomo ilikuwa imeelezwa kwamba kisitengenezwe zaidi ya miligramu 100 kwa mara moja. Yeye na mwenzake walitengeneza kama gramu 10, yaani mara mia ya kiwango hicho, ili wapate cha kutosha kwa vipimo vyote. Alikuwa amevaa miwani ya kinga. Alipomaliza, akaipandisha juu ya paji la uso na kuondoka mezani, kisha akarudi kukoroga mara moja tu ya mwisho bila kuishusha. Kinu kikalipuka. Alipoteza vidole vitatu, na jicho lake likaumia.

Bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa ripoti yake mwaka 2011. Ndani yake mna jambo lililotufanya tuiweke chini karatasi na kuchungulia dirishani. Bodi ilikuta kwamba katika idara hiyohiyo yalikuwa yamewahi kutokea matukio mengine, likiwemo la aina hiyohiyo ya kutengeneza kitu cha kulipuka kupita kiasi, wala hayakuandikwa yakafuatiliwa na kuelezwa kwa wanafunzi wapya. Bodi ilisema pia imekusanya habari za ajali 120 katika maabara za vyuo vikuu tangu mwaka 2001. Idadi hiyo ni ya zile zilizofika masikioni mwake tu.

Na hiyo miwani juu ya paji la uso! Laiti tungekuwa na senti moja kwa kila mara tuliyopaza sauti darasani kwa ajili yake. Barry Sharpless, mwanakemia wa Kimarekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2001 na tena mwaka 2022, ana jicho moja tu linaloona. Mwaka 1970, akiwa mwalimu kijana katika chuo cha MIT, alimaliza kazi zake usiku, akavua miwani ili arudi nyumbani. Njiani kuelekea mlangoni akasimama kumwuliza mwanafunzi mmoja jinsi anavyoziba mirija ya kioo. Mrija ulikuwa umepozwa kwa naitrojeni ya maji, baridi kali mno, na ndani yake oksijeni ya hewani ilikuwa imegeuka kimiminika bila wao kujua. Akauinua kwenye taa autazame. Ukapasuka usoni pake. Baadaye aliandika kisa hicho kwa mkono wake mwenyewe ili wanafunzi wakisome. Tunamheshimu kwa tuzo zake mbili, lakini tunamheshimu zaidi kwa ukurasa ule. Hata Humphry Davy, mwanasayansi maarufu wa London, alijeruhiwa macho mwaka 1812 na kitu kilekile cha mlipuko kilichokuwa kimemtoa Mfaransa Dulong jicho muda mfupi kabla yake. Habari ilikuwa imeshamfikia kwa barua.

Wazazi wengine watauliza, je, hapa Uingereza hali ikoje? Kwa haki ya Mungu, shule za hapa ni salama kuliko nyingi tulizozijua. Sheria ya afya na usalama kazini ni ya mwaka 1974, na zipo kanuni mahususi za kemikali zinazomtaka mwalimu afikirie hatari na aiandike kabla ya somo, si baada yake. Upo pia mpango wa kuzipelekea shule kadi za tahadhari kwa kila kemikali. Mwishoni mwa mwaka 2016 tuliona faida ya mpango huo. Iligundulika kwamba kemikali moja ya masomo ya kidato cha sita, inayohifadhiwa ikiwa na unyevunyevu, huweza kulipuka ikiachwa ikakauka kabatini. Onyo likatumwa shuleni, makabati yakakaguliwa, na wanajeshi wa kutegua mabomu wakaitwa shule nyingi nchini kuziteketeza chupa zilizokauka. Watoto walifurahia kukosa masomo, magazeti yakacheka kidogo, na hakuna aliyepoteza hata kucha. Ajali ambayo haikutokea haina hadithi ya kusimulia, ndiyo maana tumeona tuitaje.

Hatari ya watoto wetu, kwa maoni yetu, haiko sana kwenye kemikali. Iko kwenye ulimi. Tumewalea wasijibizane na mkubwa, na malezi hayo ni mema, hatuyajutii. Lakini mtoto wa mgeni, anayejiona kwamba nafasi yake chuoni ni ya kupewa kwa hisani, aghalabu huona aibu mara mbili kusema "sijafundishwa kazi hii" au "profesa, naogopa kuifanya peke yangu". Huitikia, hutabasamu, kisha huenda kujaribu mwenyewe siku ya mapumziko wakati jengo ni tupu. Tumewajua vijana wa namna hiyo. Tumewahi kuwa vijana wa namna hiyo. Mzazi ambaye hajui hata kemia ni nini anaweza kumfaa mwanawe kwa jambo hili moja, kwa kumwambia waziwazi kwamba kuuliza mbele ya hatari si utovu wa adabu, na kwamba nyumbani hapatakuwa na lawama akirudi na kusema amekataa kazi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kabla hatujamaliza, tuseme kidogo juu ya maabara nyingine, ile iliyo chini ya sinki la jikoni. Nani kati yetu hakumbuki kule nyumbani mafuta ya taa yakiwekwa katika chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu akaifikia? Desturi hiyo tumehama nayo. Tumeona kwa macho yetu bilichi imemiminwa katika chupa ya maji ya kunywa kwa sababu chupa kubwa ni nzito. Dawa ibaki katika chupa yake yenye jina na ile alama ya almasi nyeupe yenye ukingo mwekundu. Na wale wanaopenda choo king'are, wasichanganye bilichi, au Jik kama tulivyozoea kuiita, na dawa ya choo yenye tindikali, wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko wa kwanza hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kuua askari vitani huko Ypres mwaka 1915, na chumba cha choo kisicho na dirisha si mahali pa kuikutia. Mchanganyiko wa pili hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu vilevile. Ikitokea, tokeni nje upesi, acheni mlango wazi, msirudi kusafisha. Dawa kali ikimwagikia ngozi au jicho, ni maji ya bomba, maji mengi, kwa dakika zisizopungua ishirini, huku mwingine akipiga simu 999. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwani kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda.

Yule mama tulimrudia wiki mbili baadaye, tukamsomea sehemu kubwa ya haya mnayoyasoma. Alisikiliza kimya, kikombe cha chai kikipoa mkononi. Binti mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akijifanya anatazama simu yake. Tulipofika kwenye habari za mitandio aliinua kichwa na kusema, "Shikamoo mwalimu, na ya pamba inauzwa wapi?" Kicheko kikatutoka sote, na mama yake akasimama kwenda kutafuta cherehani.

Ameanza masomo. Juzi usiku alitupigia simu kutueleza siku yake ya kwanza maabara. Hawakugusa kemikali hata moja. Mwalimu aliwazungusha chumbani, akawaonyesha bafu la dharura, akamtaka kila mmoja atembee kutoka mezani pake hadi hapo akiwa amefumba macho na mkono ukiwa juu ya bega la mwenzake, akihesabu hatua. Zake ni kumi na moja.